Faili moja, milango mingi: mwongozo wa kutengeneza habari yenye viungo mjini Uvira

Bomba likikauka Uvira, huku mashariki mwa Kongo, sababu yake haikai mahali pamoja. Umeme unakatika, pampu za Regideso, kampuni ya maji, zinasimama, tangi halijai, na akina mama wa kartie za chini wanashuka ziwani au mtoni na mabidoni yao. Siku chache baadaye wodi ya kipindupindu inapokea wagonjwa. Fundi wa umeme anaijua sehemu yake ya habari hii, muuguzi anaijua yake, mvuvi wa Kalundu naye ana yake, lakini ni nadra kukuta zote zimewekwa mbele ya mtu mmoja. Watafiti walifuatilia takwimu za mji huu kuanzia 2009 hadi 2014. Katika makala iliyotoka mwaka 2015 walionyesha kwamba baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 ndani ya siku 12, ukilinganisha na siku ambayo mtambo ulitoa maji ya kutosha. Makala hiyo ni ya Kiingereza. Wengi wanaoisoma hawajawahi kubeba bidoni Uvira.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuigeuza habari ya aina hiyo kuwa faili moja ya simu, yenye kadi fupi na viungo kati ya kadi na kadi, ambayo mtu anaifungua bila intaneti na kuingia kwa mlango wa swali lake mwenyewe. Nimechukua maji kuwa mfano kwa sababu hapa kwetu hakuna asiyeguswa nayo. Ukitaka kushughulikia bei ya ndagala, taratibu za mpaka wa Kavimvira au haki za mpangaji, njia ni ile ile.

Wazo lenyewe si geni. Mmarekani Ted Nelson alilipa jina mwaka 1965. Mwaka 1987 Apple ilitoa programu ya HyperCard, kazi ya Bill Atkinson, ikawekwa ndani ya kompyuta za Macintosh: kadi, vitufe na viungo, vyote ndani ya diski, bila waya wowote wa mtandao. Walimu waliitumia kutunga masomo, na mchezo maarufu wa Myst wa mwaka 1993 ulijengwa kwa programu hiyo hiyo. Tim Berners-Lee, akiwa CERN kule Geneva, alipendekeza mwaka 1989 viungo vivuke kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na tangu hapo watu wengi wamedhani kiungo na intaneti ni kitu kimoja. Sivyo. Kiungo kinahitaji mahali pa kutoka na mahali pa kufikia, basi, na vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya faili ya KB 300 kwenye kadi ya kumbukumbu. Katika mji ambako watu hununua mega za siku moja moja na umeme hauaminiki, hiyo ni habari njema.

Maswali kwanza, kompyuta baadaye

Nunua daftari, ukakae pale watu wanapongoja: kwenye bomba la jamii, bandarini Kalundu, penye pikipiki za Kavimvira, kwenye baraza la kituo cha afya siku ya chanjo. Usiulize, "Mnaionaje hali ya maji?" Swali la namna hiyo hupata majibu ya mkutano. Sikiliza wanayoulizana wao kwa wao, uyaandike kama yalivyotamkwa, na Kiswahili cha kwetu usikinyoshe: "Courant ikirudi, maji itakuja saa ngapi?" "Hii ya ziwa tukichemusha inatosha?" "Maji imefika kwa ukuta, nihame ao ningoje?" Baada ya muda utaona maswali yanajirudia. Hapo unayo orodha yako.

Kila swali liandike kwenye kipande chake cha karatasi, na nyuma yake uandike jibu lisilozidi mistari minane. Ukikosa jibu, andika kazi ya mtu anayelijua: fundi wa Regideso, muuguzi, mtafiti wa Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia kilichoko hapa hapa Uvira, shefu wa avenyu. Mwendee, muulize. Jibu ambalo hujui limetoka kwa nani lisiingie, hata likiwa linasemwa na mji mzima. Hasa likiwa linasemwa na mji mzima.

Kisha tandaza karatasi sakafuni, uchukue uzi. Shika kadi moja na ujiulize: mtu aliyemaliza kusoma hapa atauliza nini tena? Vuta uzi hadi kwenye kadi yenye jibu hilo. Kama haipo, iandike. Kadi isiyoingiwa na uzi hakuna atakayeifikia, na isiyotoka uzi humwacha msomaji amekwama. Kadi inayotoka nyuzi saba kwa kawaida ni kadi tatu zilizobanana, zitenganishe. Kwa kioo cha simu, viungo viwili au vitatu kwa kadi vinatosha. Kazi hii ya sakafuni inachosha, na wengi huiruka wakimbilie programu. Ukiiruka, utatengeneza kijitabu cha kawaida kilichokatwa vipande, na msomaji atakigundua mara moja kwa sababu kila kiungo kitakuwa kimeandikwa "Endelea".

Mlimani au ziwani?

Kuna kadi moja katika faili yetu inayobeba mzigo mkubwa kuliko nyingine zote: ile inayomuuliza msomaji maji yaliyoingia kwake yametoka wapi.

Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Tambarare ni nyembamba, na mito inaiteremkia kwa kasi: Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 Mulongwe ulifurika baada ya mvua kubwa. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka. Mafuriko ya namna hiyo huja kwa saa chache yakiwa yamebeba tope, mawe na magogo, kisha hupungua. Ziwa lina tabia nyingine kabisa. Tanganyika ina urefu wa kilomita 670 hivi, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, huko Kalemie. Sehemu kubwa ya maji yanayoliacha huenda hewani kwa mvuke. Kwa hiyo mvua zikizidi misimu kadhaa, ziwa linapanda pole pole, na likishapanda linakaa. Lilipanda mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lilipanda tena mwaka 2021 na mwaka 2024, maji yakaingia nyumba za ufukweni upande wetu na ng'ambo pia, Gatumba na Bujumbura.

Sasa tazama ushauri unavyopingana. Aliye kando ya Mulongwe usiku wa mvua anatakiwa kuondoka sasa hivi, aache vyombo, asijaribu kuvuka mkondo, aelekee penye mwinuko mbali na njia ya mto. Aliye ufukweni Kalundu ana siku au majuma ya kupanga: kuhamisha vitu, kuongea na mwenye nyumba, kuzima umeme wa ukutani, na kujua kwamba choo kilichozama kimeyaharibu maji yote yanayozunguka nyumba. Anatakiwa pia kukumbuka kwamba kiboko na mamba hufuata maji yanapokwenda. Ukimpa wa mtoni ushauri wa ziwani, umemwambia angoje. Na wote wawili wakikupigia simu watasema neno lile lile: maji imeingia.

Karatasi ya kawaida ingeyaandika yote mawili kwa mfuatano na kumwachia msomaji ajichagulie huku maji yakimfika magotini. Kadi yenye viungo inamuuliza dalili, halafu inamwonyesha upande wake tu. Iandike hivi:

Maji yaliyoingia kwako yakoje?
– Yalikuja kwa kishindo, yana tope
– Yanapanda kidogo kidogo, siku hadi siku
– Sijui

Hicho cha tatu usikisahau. Watengenezaji wengi humlazimisha msomaji achague kati ya majibu mawili, na asiyejua hubahatisha. "Sijui" impeleke kwenye kadi inayomuuliza kama yuko karibu na mto, kama mvua inanyesha mlimani, na kama ni usiku. Akikosa uhakika hata hapo, mchukulie kama mtu wa mtoni, maana kuhama bure kunagharimu kidogo kuliko kungoja bure.

Utavutika kuweka na historia ndani ya faili hiyo, na una haki. Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi mwaka 1858 wakitaka kujua kama Ruzizi unatoka ziwani. Wenyeji wakawaambia unaingia. Mabishano ya Ulaya yaliendelea hata hivyo, hadi Livingstone na Stanley walipofika kwenye mlango wa mto huo mwezi Novemba 1871 na kuona wenyewe maji yakiingia. Mwanafunzi wa kartie ya Kimanga ataipenda kadi hiyo, na itamsaidia kuelewa kwa nini ziwa linapokea mengi na kutoa machache. Lakini iwe na mlango wake wa pembeni. Isikae hata siku moja kwenye njia ya mtu ambaye nyumba yake ina maji.

Maneno ya kiungo

"Bonyeza hapa" hakumwambii mtu kitu. "Taarifa zaidi" ni afadhali kidogo tu. Kiungo kizuri ni sentensi ambayo msomaji angeisema mwenyewe, ndiyo maana ulikaa bombani na daftari. Hii hapa kadi moja nzima, kama ningeiandika mimi:

MTOTO ANAHARISHA MAJI MAJI
Usingoje asubuhi. Kama una pakiti ya ORS, ichanganye kama ilivyoandikwa juu yake. Kama huna: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe sawa bila kilima. Mnyweshe kidogo kidogo huku mkielekea kituo cha afya. Anayenyonya aendelee kunyonya.
– Sina maji safi
– Kituo kilicho wazi usiku kiko wapi?
– Nataka kumpigia muuguzi

Angalia kwamba hakuna neno "kipindupindu". Mama saa nane ya usiku haoni kipindupindu, anaona mtoto anaharisha. Jina la ugonjwa lina kadi yake, kwa anayetaka kujua kwa nini mambo haya hurudi kila bomba linapokauka. Na kadi yoyote inayogusa afya aisome muuguzi kabla haijatoka mikononi mwako, kisha uandike chini yake tarehe aliyoisoma.

Chombo gani?

Twine ndiyo programu inayojulikana zaidi kwa kazi hii. Chris Klimas aliitoa mwaka 2009, ni ya bure, na unaweza kuitumia kwa Kifaransa. Inakuonyesha kadi zako kama visanduku vilivyounganishwa kwa mishale, yaani ule uzi wa sakafuni ukiwa kwenye kioo. Kiungo ni mabano mawili tu, kwa mfano [[Mtoto anaharisha maji maji->kuharisha]], na kadi mpya inajitokeza yenyewe. Mwishoni unapata faili moja ya HTML. Pakua ile ya kompyuta, usitegemee ile inayotumika ndani ya kivinjari: hiyo ya kivinjari huhifadhi kazi yako ndani ya kivinjari chenyewe, na mwenye sekretaria publiki akikisafisha jioni, kadi zako zimekwenda. Ukilazimika kuitumia, toa nakala kwenye flashi kila unapoinuka.

Kuna pia TiddlyWiki, aliyoianzisha Jeremy Ruston mwaka 2004. Yenyewe yote ni faili moja, na inafaa sana kwa daftari la mtafiti au mwalimu anayeongeza maelezo kila siku. Kuihifadhi ukiwa kwenye simu kunasumbua, kwa hiyo sikushauri uanze nayo.

Tatizo la Twine liko upande wa msomaji. Faili yake haifanyi kazi bila JavaScript. Ukiituma kwa WhatsApp kama dokumenti na mwenzako akaigusa, simu nyingi za Android humuuliza aifungue kwa kitu gani. Akichagua Chrome, inafunguka. Akichagua kile kisomaji kidogo cha HTML kilichokuja na simu, huenda akaona ukurasa mweupe, kwa sababu kisomaji hicho kimezimwa JavaScript makusudi, kwa usalama. Hatakurudia kukuuliza. Ataifuta.

Ndiyo maana kwa habari ya dharura napendelea HTML iliyoandikwa kwa mkono, na ukishaielewa mara moja utashangaa ilivyo nyepesi. Tumia Twine kupanga, kisha hamishia maneno kwenye programu yoyote ya kuandikia matini tupu. Kadi ni kichwa chenye jina la siri, na kiungo kinaliita jina hilo:

<h2 id="kuharisha">Mtoto anaharisha maji maji</h2>

<a href="#kuharisha">Mtoto ameanza kuharisha</a>

Basi. Kadi zote zinakaa kwenye ukurasa mmoja mrefu, moja chini ya nyingine, zikiachiwa nafasi kubwa katikati, na mwisho wa kila moja kuna kiungo cha kurudi mwanzo. Uzuri wake ni kwamba hata viungo vikigoma kwenye simu fulani, msomaji atateremsha kidole na kusoma yote. Juu kabisa ya faili weka mistari miwili isiyoonekana kwa msomaji: <meta charset="utf-8">, ili herufi za Kifaransa kama é na ç zisigeuke takataka, na <meta name="viewport" content="width=device-width">, ili maandishi yasiwe madogo kama ya gazeti lililopigwa picha. Ihifadhi kwa jina linaloishia na .html.

Kuna viungo vingine viwili ambavyo watu huvisahau, na kwa maoni yangu ndivyo vinavyoifanya faili iwe na faida. Ukiandika tel: na namba ya simu mahali pa jina la kadi, kiungo hicho kinafungua sehemu ya kupiga simu na namba ikiwa tayari imeandikwa. Ukiandika geo: na vipimo vya mahali (katikati ya Uvira ni karibu na -3.395,29.138), simu ya Android inafungua ramani, na kama mwenyewe amepakua ramani ya Organic Maps au OsmAnd mapema, hahitaji mega hata moja. Kwenye iPhone hicho cha ramani hakifanyi kazi, kwa hiyo andika pia kwa maneno: nyuma ya soko, mkabala na kanisa, avenyu fulani.

Sauti na picha

Si kila anayehitaji kadi ya kuharisha anasoma, na si kila anayesoma anasoma Kiswahili kwa wepesi akiwa na hofu. Uvira inaongea Kivira, Kifuliiru, Kibembe, Kinyamulenge na Kirundi pia. Rekodi sauti. Usitafute sauti ya mtangazaji, mtafute mama au reko (mhamasishaji wa afya ya jamii) wa kartie anayeaminika, umsomee maana ya kadi naye aiseme kwa namna yake. Sekunde ishirini zinatosha.

Hesabu yake ni hii. MP3 ya kilobiti 32 kwa sekunde inakula KB 4 kila sekunde, kwa hiyo sekunde ishirini ni KB 80. Programu ya bure ya Audacity inaweza kukutolea ukubwa huo. Ili sauti isafiri ndani ya faili ile ile badala ya kubaki kwenye kompyuta yako, inabidi igeuzwe kuwa maandishi kwa njia iitwayo base64, na hapo inanenepa kwa theluthi moja: KB 80 zinakuwa 107 hivi. Sauti kumi zimekwisha kufika MB 1. Chagua basi: kadi za dharura zipate sauti, ya Burton na Speke isubiri.

Picha zinafuata utaratibu huo huo. Punguza upana uwe pikseli 640, uzito usizidi KB 50, na jiulize mara mbili kama picha inasema kitu. Mchoro wa mkono unaoonyesha kijiko cha sukari kilicho sawa na kile chenye kilima unastahili nafasi. Picha ya ziwa jioni haina kazi hapa, watu wanaliona kila siku. Kosa linalojirudia zaidi katika faili hizi ni picha iliyoachwa nje: kwako inaonekana kwa sababu iko kwenye folda yako, kwa mwenzako pana kisanduku kitupu. Jipelekee faili kwenye simu nyingine, zima data, uifungue. Usipoona upungufu hapo, endelea.

Mpe simu, unyamaze

Chukua simu ya bei ndogo, kioo kikiwa na ufa kama za wengi, umpe mtu ambaye hajaiona kazi yako. Mwambie jambo moja tu: "Mama, tuseme maji imeingia nyumbani kwako." Kisha funga mdomo. Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, maana kidole chake kitakwenda pasipo na kiungo na utatamani kumwelekeza. Usimwelekeze. Andika amegusa wapi, amesita wapi, na neno gani amelisoma kwa sauti mara mbili. Akigusa neno lisilo kiungo, amekwambia kwamba pale kiungo kilihitajika. Akirudi mwanzo tena na tena, kadi zako za kati hazimwelezi yuko wapi. Mjaribishe kijana wa chuo, mjaribishe mvuvi, mjaribishe bibi anayesomewa na mjukuu wake, kwa sababu hao wawili wa mwisho wanasoma kwa namna ya pekee: mmoja anagusa, mwingine anaamua.

Kuisambaza, na tahadhari

Faili ndogo inasafiri kwa Bluetooth, kwa Xender, kwa WhatsApp, kwa kadi ya kumbukumbu. Wale vijana wanaowajazia watu nyimbo na filamu kwenye kadi za kumbukumbu ni wasambazaji bora kuliko ofisi yoyote. Waombe waiweke bure pamoja na nyimbo. Wenye vibanda vya kuchaji simu pia. Kwenye barabara ya kusini, Makobola, Swima, Mboko hadi Baraka, madereva na waendesha pikipiki wataibeba wakijua ina nini. Ujumbe unaotangulia faili uwe mfupi na useme waziwazi: ifungue kwa Chrome, haili mega.

Jina la faili libebe tarehe, kwa mfano maji-uvira-2026-03.html, na tarehe hiyo hiyo ionekane juu ya kadi ya kwanza, kwa herufi kubwa. Faili ikishatoka huwezi kuirudisha. Miaka miwili baadaye mtu ataifungua ile ya zamani na kwenda kituo kilichohama. Andika kwenye kadi ya kwanza: "Kama imepita miezi sita tangu tarehe hii, tafuta mpya." Na uweke kadi ya "Nani aliyeandika hii", yenye majina ya kazi na mashirika yaliyokubali kutajwa, si ya watu waliokusimulia.

Hilo la majina si adabu tu. Mji huu umepitiwa na vita, na simu hukaguliwa njiani. Faili ya maji isiwe na kitu ambacho kinaweza kumponza aliyeibeba: picha za watu wenye silaha, maoni juu ya nani anatawala wapi, ramani ya vizuizi. Picha za wagonjwa usiweke, hata wakikubali. Aliyekubali akiwa kitandani anaweza kujuta akipona. Kumbuka pia kwamba picha ya simu hubeba ndani yake vipimo vya mahali ilipopigwa. Ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida huvuliwa vipimo hivyo, ikitumwa kama dokumenti husafiri navyo. Kabla ya kuiingiza kwenye faili, ipitishe njia hiyo ya kwanza au ipige picha ya kioo.

Kabla ya mvua za Machi na Aprili, kaa na faili yako asubuhi moja na upige kila namba iliyomo, gusa kila kiungo cha ramani, uliza kama kituo cha usiku bado kiko wazi usiku. Namba isiyopokelewa ifute siku hiyo hiyo, ubadilishe tarehe kwenye jina, na toleo jipya lianzie kwa vijana wa kadi za kumbukumbu.